Fundo Limeshika. Je, Litafunguka?

Likizo ya Juni inapofika huku kwetu kwenye miteremko ya Mlima Meru, mama hana haja ya kuuliza watoto wako wapi. Hutazama juu tu. Mmoja yuko kwenye mwembe, mwingine kwenye mparachichi, na mdogo wao yuko chini analia kwa sababu hajaweza kuwafuata. Tumekataza mara ngapi? Tumegomba, tumetishia kumwambia baba, na bado wanapanda. Tukisema kweli, hata sisi tulipanda tulipokuwa wadogo.

Ndiyo maana mwaka jana sisi akina mama wanne, majirani wa kijiji kimoja juu ya Tengeru, tuliamua kwamba kama ni kupanda, basi wapande wakiwa wamefungwa kamba. Tulinunua kamba ya manila sokoni. Tukamfunga mtoto wa mmoja wetu kiunoni, kijana wa miaka 10, tukapitisha kamba juu ya tawi, na ncha ya pili tukaifunga kwenye shina, fundo juu ya fundo. Tulidhani mafundo yakiwa mengi na usalama unazidi.

Kijana aliteleza. Kamba ilimkamata, nasi tukamshukuru Mungu. Lakini shukrani zetu hazikufika mwisho. Alikuwa ananing'inia juu kidogo ya vichwa vyetu, kamba imembana mbavu, akilia kwamba hawezi kuvuta pumzi. Tulikimbilia fundo la shinani. Halikufunguka. Uzito wake ulikuwa umelikaza likawa kama jiwe. Wawili wetu walisimama chini yake akakanyaga mabegani mwao apate kupumua. Wa tatu alihangaika na fundo kwa kucha na kwa meno, mpaka wa nne alipofika na panga akakata kamba.

Hospitalini walimkuta na michubuko tu. Lakini usiku ule hakuna hata mmoja wetu aliyelala vizuri. Watu husema ajali haina kinga. Hii ilikuwa na kinga, ila sisi hatukuijua.

Fundo lina kazi mbili

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Anayepanda mti naye lazima ashuke, na kamba yake lazima imruhusu. Fundo zuri hushika linapotakiwa kushika, na huachia linapotakiwa kuachia, hata kama bado limebeba uzito. Sisi tulifikiria kazi ya kwanza tukasahau ya pili.

Jambo la ajabu ni kwamba tulikuwa tunalijua tangu zamani. Mama anayeteremka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani huacha pindo kwenye fundo lake. Akifika zizini huvuta ncha moja tu, na mzigo wote unafunguka. Mbuzi naye hufungwa kwenye mti kwa fundo la namna hiyo hiyo. Lakini angalieni, mama wenzetu: fundo la kuvuta ni la mzigo na la mifugo. Asining'inizwe mtoto kwa fundo hilo, kwa sababu ncha ikinaswa na tawi, au ndugu yake akiivuta kwa utani, kila kitu kinafunguka. Fundo la kumbebea mtu linapaswa kuachia kwa mkono wa anayekusudia, si kwa bahati mbaya.

Kuchagua fundo

Tuliwaendea watu wawili. Wa kwanza ni kijana ambaye kazi yake ni kupunguza matawi ya miti mikubwa mjini Arusha. Wa pili ni mama mwenzetu aliyejifunza mafundo shuleni alipokuwa Girl Guide. Walituonyesha kwamba kila sehemu ya kamba ina fundo lake.

Fundo la kumfungia mtu. Hili halitakiwi kuteleza wala kubana. Tulionyeshwa mawili. Fundo la mabaharia hufanya kitanzi kisichokaza, na baada ya kubeba uzito hufunguka kwa urahisi. Ubaya wake ni kwamba likitikiswa-tikiswa bila uzito linaweza kulegea lenyewe. La pili lina umbo la tarakimu 8, kamba ikirudishwa njia ile ile mara ya pili. Ni gumu zaidi kufungua baadaye, lakini halilegei ovyo, na ukilitazama unaona mara moja kama limekosewa. Kwa watoto tulichagua la nane. Ncha inayobaki iwe ndefu walau shibiri moja.

Fundo la kupandia na kushukia. Hili ndilo lililotushangaza. Kamba nyembamba au ncha ya kamba huzungushwa kwenye kamba kubwa. Ukikaa, uzito wako hulibana na linashika. Ukilisukuma kwa mkono bila uzito, linapanda. Karl Prusik, mpanda milima wa Austria, alieleza fundo la aina hii mwaka 1931, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Linashika kweli kweli, lakini likishabeba uzito mkubwa huwa gumu kuachia. Ndiyo shida ile ile iliyotuliza siku ile!

Wapanda miti wengi hupenda fundo la Blake. Mwaustria mwingine, Heinz Prohaska, alilieleza mwaka 1981, na Jason Blake akalitangaza kwa wakata miti wa Marekani mwaka 1994. Lina mizunguko minne, na ncha hurudi chini na kupita ndani ya miwili ya chini. Aliyekaa kwenye mkanda hulivuta taratibu kwa mkono kutoka juu, naye akashuka polepole. Hata hivyo, likifungwa vibaya kidogo tu hufanana na lililo sawa, kumbe halishiki. Kwa hiyo mwalimu wetu alikataa tulijifunze kwa maneno au kwa picha. Alitufungia, akafungua, akatufungisha, mpaka vidole vikazoea. Nasi tunawashauri hivyo hivyo: mtafuteni mtu anayelijua.

Jaribio la gunia

Kabla ya mtoto yeyote kuning'inia, tulijaza gunia mchanga wa kilo 50, uzito unaozidi wa watoto wetu wote. Tulilipandisha nusu mita kutoka ardhini. Kisha tulifuata hatua hizi, na bado tunazifuata:

1. Funga fundo, lipange nyuzi zisipandane, halafu likaze kwa mkono.

2. Mtu wa pili alikague. Aliyefunga asijikague peke yake.

3. Lining'inize gunia kwa robo saa. Je, fundo limeteleza?

4. Litikise gunia kwa nguvu. Je, fundo limebadilika umbo?

5. Sasa liachie fundo gunia likiwa bado linaning'inia. Je, linashuka polepole? Kama huwezi kuliachia, fundo hilo limeshindwa, hata kama lilishika vizuri.

6. Baada ya gunia, ajaribu mtu mzima. Akae kwenye mkanda miguu ikikaribia ardhi, apande kidogo na kushuka mara kumi.

Hatua ya tano ndiyo watu wengi huiacha. Siku ya kwanza sisi wenyewe tulishindwa mafundo mawili kati ya matatu. Afadhali kushindwa mbele ya gunia.

Kamba, mkanda na mti

Fundo haliwezi kuwa bora kuliko kamba yake. Fundo lolote hupunguza nguvu ya kamba, mara nyingi kwa robo au zaidi. Kamba ya manila huteleza, hudhoofika juani, na huyeyuka inapochuana kwa kasi. Ya katani huoza ikilowa mara kwa mara. Zote mbili si za kubebea mtu. Ile ya kwetu sasa tunaanikia nguo. Kupitia mchango wa kikundi chetu tulinunua kamba moja iliyotengenezwa kwa ajili ya wapandaji, kofia ngumu, na mkanda unaoshika kiuno na mapaja. Kamba ya kiunoni peke yake hubana pumzi. Hata kwenye mkanda mzuri, aliyening'inia bila kujisogeza anaweza kuzimia, kwa hiyo ashushwe upesi. Mwisho wa kamba tunaweka fundo kubwa ili mtoto asiteleze akapita ncha.

Mti nao uchaguliwe. Matawi ya mparachichi na mgrivilea huvunjika kwa urahisi, na mkaratusi huweza kuangusha tawi bila onyo. Mwembe mzima wenye tawi nene kama paja la mtu mzima unafaa zaidi. Kagueni nyuki, siafu, matawi makavu na nyaya za umeme. Mvua za masika zikinyesha, hakuna kupanda.

Na kwa siku ambazo kamba haipo, tumeweka sheria nyepesi: mtoto asipande juu kuliko urefu wa baba yake, na viungo vitatu kati ya mikono na miguu viwe vimeshika mti wakati wote. Vitanzi vya kamba visiachwe vikining'inia mtini, kwa kuwa shingo ya mtoto ni rahisi kunaswa. Akianguka na kulalamika shingo au mgongo, msimwinue ovyo. Mtulizeni, ita msaada.

Si uhuni kupanda mti

Tulikuwa tunaona aibu kidogo, kana kwamba tunawafundisha watoto utundu. Lakini duniani kuna watu wazima wanaopanda miti kwa kamba kwa ajili ya burudani tu. Huko Atlanta, Marekani, Peter Jenkins alianzisha chama cha wapanda miti mwaka 1983, na hapo watu hufundishwa kupanda kwa kamba na mikanda. Mtoto anayefundishwa kushuka salama hajaharibiwa. Amefundishwa kufikiri kabla ya kupanda.

Juni hii yule kijana, sasa ana miaka 11, alitaka kupanda tena. Mama yake alisita, na sisi hatukumlaumu. Kijana mwenyewe alilipandisha gunia, akalitikisa, akalishusha. Kisha akamwita jirani amkagulie fundo.

"Umelijaribu, mwanangu?" mama yake aliuliza.

"Ndiyo, mama. Limeshika, na limeachia."

Ndipo mama yake alipomfunga mkanda.