Mionzi Kwanza, Kisu Baadaye



Wapo wenzetu hapa Bujumbura wanaoona damu chooni, wakasema ni bawasiri tu, wakanyamaza kwa haya. Yaweza kuwa bawasiri. Yaweza pia kuwa saratani ya mwisho wa utumbo mkubwa. Dawa ya haya ni kupimwa.

Saratani ikionekana mapema hukatwa. Lakini mahali pale ni pembamba, na mabaki madogo yakiachwa ugonjwa hurudi. Ndiyo sababu uvimbe uliokwisha kuingia ndani hupigwa mionzi kwanza, pengine pamoja na dawa. Madaktari wa Sweden walitoa matokeo mwaka 1997: kati ya waliopasuliwa tu, wagonjwa 27 katika kila 100 ugonjwa uliwarudia palepale katika miaka 5, waliopigwa mionzi siku 5 kabla ya kupasuliwa, 11 tu.

Basi, kabla ya kutia sahihi, muulize daktari: je, nahitaji mionzi kwanza? Mashine hizo ni chache katika nchi zetu, na pengine itabidi kusafiri mbali, kama vile Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Safari hiyo yataka ruhusa ya kazi na mshahara usiokatwa. Hilo ndilo la kudai kwa mwajiri, na tulidai kwa umoja.