Uchumba wa Kamera

Muvi ikishatoa sehemu ya pili, mara nyingi ni mbinu ya kutukamua hela. Staa yuleyule, adui aliyefufuka, milipuko mingi, hadithi hakuna. Ndiyo maana The Hunger Games: Catching Fire ya mwaka 2013 naitetea hadi leo mbele ya yeyote anayeiita muvi ya watoto. Na sababu yangu si mapigano. Ni uchumba.

Kwa ambao hamkuona ile ya kwanza ya 2012: Panem ni nchi ya kubuni, mji mkuu unaogelea kwenye raha na wilaya 12 zinakamuliwa. Kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana na msichana, wanaingizwa uwanjani kuuana mbele ya kamera hadi abaki mmoja. Katniss (Jennifer Lawrence) na Peeta (Josh Hutcherson) walitoka wawili, kwa sababu walionekana wanapendana kiasi cha kuwa tayari kufa pamoja. Watazamaji wakalia machozi. Peeta alimpenda kweli. Katniss alikuwa anatafuta kupona.

Sehemu ya pili, aliyoiongoza Francis Lawrence kutoka kitabu cha Suzanne Collins, inaanzia hapo. Rais Snow (marehemu Donald Sutherland, mzee mwenye upole wa kutisha) anamfuata Katniss nyumbani kwake. Anachotaka ni kwamba yale mapenzi yaaminike, na yeye rais ayaamini pia. La sivyo, watu wake wataumia. Basi ikawa ziara ya ushindi, mabusu ya ratiba, na posa mbele ya taifa zima. Kwenye sherehe Katniss anamtupia rais jicho, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Rais anatikisa kichwa: bado.

Kipande hicho kinaniumiza kuliko uwanja wote wa michezo ya 75, ambako washindi wa zamani wanarudishwa kuuana upya. (Siasa yake nayo si ndogo: saluti ya vidole vitatu ilitoka kwenye muvi ikaingia barabarani Thailand mwaka 2014, na Myanmar 2021.)

Kwetu Kagera muvi kama hizi wengi tulizizoea za DVD na flashi, au kwenye kibanda umiza, mtafsiri akiongea juu ya sauti za waigizaji. Kenya wana DJ Afro, Bongo tulikuwa na Lufufu, na Kampala, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, kuna VJ Jingo. Watu hawa hawatafsiri tu, wanatia chumvi. Nawaza mmoja wao angefika kwenye ile posa angepiga kelele: "Jamani, huyu dada hataki!"

Desemba iliyopita kelele hiyo ilipigwa na mama wa watu, Muleba.

Nilikwenda kumsalimia rafiki yangu. Alikuwa amechumbiwa na kaka mmoja anayefanya kazi Mwanza. Mahari imepokelewa, kamati ya harusi imeshakusanya michango, na picha za ufukweni Bukoba, ziwa nyuma na gauni likipepea, zilikuwa zimezunguka kwenye simu zetu wote. Tukaweka laptopu mezani na sahani ya senene katikati. Mama yake akapita na chupa ya chai, akasimama kidogo, akatazama.

"Waitu, mbona huyo binti anaposwa amekaa kama yuko msibani?"

Rafiki yangu akasimamisha muvi. Mama alipotoka, akaniambia taratibu, "Shoga, mimi hiyo sura naijua. Nimeifuta kwenye picha zangu nyingi tu."

Sikumshauri kitu. Nilichowaza ni jinsi Wahaya wa zamani walivyofunga undugu: tunda moja la kahawa, punje mbili zilizopakwa damu, kila mtu moja. Yanaisha hapo. Siku hizi uchumba una mpiga picha, MC na sare, na kila mchango unaoingia unafanya neno "subiri" liwe zito zaidi mdomoni. Hakuna Snow Muleba, ila kuna wajumbe 40 kwenye kundi la WhatsApp.

Januari alimwita mchumba wake aje, siku mbili, bila kamera. Walichoongea huko migombani sikuuliza. Ninachojua ni kwamba pete bado iko kidoleni na tarehe imesogezwa, na kamati imenuna.

Juzi akanitumia ujumbe: "Sehemu ya tatu unayo?" Nikamwambia imegawanywa mara mbili, ya 2014 na ya 2015, na ajiandae: Peeta humo anaharibiwa akili, hajui tena lipi lilikuwa la kweli kati yao na lipi la kamera, ikabidi awe anauliza moja moja.

Akajibu: "Nitumie zote mbili. Tutaangalia naye."