Gharama Halisi ya Taa za Tyubu, Nene na Nyembamba

Taa za tyubu hutambulika kwa unene. Namba inayofuata herufi T huhesabu sehemu za nane za inchi: T12 ina kipenyo cha inchi moja na nusu, yaani milimita 38, T8 ina milimita 26 na T5 milimita 16. Kwa tyubu ya futi nne, T12 huandikwa wati 40, T8 wati 36 na T5 wati 28. Wanunuzi wengi huishia kwenye namba hizo na bei ya dukani, na hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwani tyubu haiwaki peke yake.

Ndani ya kioo mna mvuke wa zebaki. Umeme ukipita, mvuke hutoa miale ya urujuanimno, nayo poda iliyopakwa ndani huigeuza kuwa mwanga. Mkondo usipodhibitiwa huongezeka hadi kuiharibu taa, kwa hiyo huwekwa choki: waya uliozungushwa kwenye chuma. Choki hupata joto, na joto hilo linalipiwa, takriban wati 10. Kwa hiyo taa ya wati 40 mita huihesabia wati 50.

Balasti ya elektroniki, iliyochukua nafasi ya choki na stata (kiwashio cha taa), huiendesha taa kwa zaidi ya mizunguko 20,000 kwa sekunde badala ya 50. Kwa kasi hiyo mwanga huongezeka kwa karibu 10% kwa umeme uleule, hivyo T8 hutosheka na wati 32. Pamoja na balasti, T8 hufikia kama wati 36 na T5 kama wati 32.

Chukulia duka linalowasha taa saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, na yuniti moja kuwa shilingi 300 za Tanzania. T12 yenye choki hula yuniti 150, sawa na shilingi 45,000. T8 yenye balasti ya elektroniki hula yuniti 108, shilingi 32,400. T5 yuniti 96, shilingi 28,800. Hatua ya kwanza huokoa shilingi 12,600, ya pili 3,600 tu. Isitoshe, T5 ina urefu wa milimita 1,149 na pini zake zimekaribiana, hivyo haiingii kwenye fremu ya zamani. T8 huingia, na katika nchi za volti 230 huwaka hata kwa choki ileile, ingawa choki huendelea kula umeme.

Balasti ya bei rahisi, hata hivyo, huungua upesi pale umeme unapopanda na kushuka, wakati choki ya zamani hudumu miaka mingi. Balasti ikibadilishwa kila mwaka, pamoja na ujira wa fundi, akiba yote huisha.

Mwaka 2023, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya nje ya tyubu hizi ifikapo 2026 na 2027, kulingana na aina ya poda. Mwenye T8 na balasti nzima hana hasara akizitumia hadi ziishe. Anayenunua fremu mpya leo anunue ya LED.