Pesa ya Masikitiko Haigawiwi

Mwaka huu sisi walimu wa informatiki hapa Butembo tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa sita kazi moja: waandike programu ya ordinatere ya kusaidia AVEC moja ya wamama kugawa akiba mwisho wa mwaka. Wenye AVEC mnaijua shida hiyo: daftari, sanduku la kufuli tatu, na kuhesabu mpaka giza linaingia.

Watoto walifanya kazi majuma sita, siku nyingine wakingojea umeme. Siku ya majaribio tuliwaalika wamama. Sehemu zilikuwa 3,000, kila moja ilinunuliwa franka 2,000. Pesa zote zilizoandikwa, pamoja na faida ya mikopo, zilifika 7,500,000. Ordinatere ikajibu mara moja: kila sehemu franka 2,500. Tukapiga makofi. Sisi walimu tulikuwa tayari kuwapa pointi zote.

Mama mweka-hazina hakupiga makofi. Akauliza: "Watoto wangu, humo mmetia na pesa ya masikitiko?"

Ndiyo, franka 300,000 za mfuko wa msaada zilikuwa ndani.

"Hiyo haigawiwi. Mkiigawa leo, kesho mwenzetu akifiwa, tutamfikia na nini mkononi?"

Tulinyamaza. Katika kikundi kile wamo wamama waliokimbia upande wa Beni, ambako mauaji yamefukuza jamaa nyingi tangu Oktoba 2014. Wao wanajua mfuko ule ni wa nini.

Mashini haikukosea: 7,500,000 kugawa kwa 3,000 ni 2,500. Kosa lilikuwa letu. Tuliwafundisha watoto kuandika amri kabla ya kuwatuma kuwauliza wenye pesa. Walitenga mfuko ule, na kila sehemu ikawa franka 2,400. Mama mmoja alinung'unika kwa zile 100, kisha wenzake wakamwelewesha.

Mwaka ujao, wanafunzi watahudhuria mikutano mitatu ya AVEC kabla ya kugusa ordinatere. Nanyi wamama, mtoto akiwaletea hesabu ya mashini, msione haya. Mwulizeni: umetia pesa gani, na umeacha ipi? Na daftari la mkono liendelee kuandikwa kila juma, maana umeme ukikatika, ndilo litakalobaki mezani.