Miguu ya Ndege Asiye Babu wa Ndege: Istilahi za Dinosauri wa Kindope

Katika makala haya tumekusudia kumzungumzia mnyama mmoja wa kale ambaye, ingawa mifupa yake ilichimbwa nchini mwetu, hajulikani sana miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili. Jina lake la kisayansi ni Dysalotosaurus lettowvorbecki. Nia yetu hasa ni kuonyesha jinsi tafsiri iwezavyo kumpotosha mwanafunzi hata pale ambapo kila neno limetafsiriwa sawasawa.

Yafaa tuanze na mwanafunzi mwenyewe. Yule asomaye Moshi, Marangu au Machame hawezi kupelekwa kwenye korongo la jirani akaonyeshwa mfupa wa dinosauri. Mlima Kilimanjaro, pamoja na ukuu wake wote, ni kijana kwa hesabu ya miamba. Volkeno zilianza kuujenga miaka ipatayo milioni 2.5 iliyopita, ilhali mnyama wetu aliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita, mwishoni mwa kipindi cha Jurasiki. Hivyo mwanafunzi wa huko hana kielelezo ila neno atakalopewa na mwalimu, na mwalimu naye hutegemea lile aliloandikiwa na mfasiri. Neno likipotoka, hapana mfupa wa kulisahihisha.

Mifupa hiyo ilitoka Kindope, karibu na kilima cha Tendaguru, Lindi, katika uchimbaji ulioendeshwa na makumbusho ya Berlin kuanzia 1909 hadi 1913. Kazi ya jembe na ya kubeba ilifanywa na mamia ya wenyeji, na mnyapara wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Akilinganishwa na majitu mengine ya Tendaguru, dinosauri huyu alikuwa mdogo, na wengi wa waliofukuliwa walikuwa hawajakomaa. Alikwenda kwa miguu miwili ya nyuma, akala majani, na mkia wake mrefu ukamsaidia kujisawazisha.

Ugumu waanzia kwenye jina la kundi lake. Mwaka 1881 Othniel Charles Marsh wa Marekani aliliita kundi hilo Ornithopoda, maana yake 'miguu ya ndege'. Mwaka 1887 Harry Seeley wa Uingereza akawagawa dinosauri wote kwa umbo la nyonga: Ornithischia, yaani 'nyonga za ndege', na Saurischia, yaani 'nyonga za mjusi'. Mnyama wetu yumo katika lile la Marsh, nalo limo ndani ya lile la kwanza la Seeley.

Sasa mfasiri akiandika "dinosauri mwenye miguu na nyonga za ndege", hakukosea neno hata moja. Lakini mwanafunzi atahitimisha kwamba huyo ndiye babu wa kuku na kunguru, na atajibu hivyo katika mtihani. Kumbe ndege walitokana na dinosauri wengine, walao nyama, ambao kwa mgawo uliozoeleka wamo katika kundi la 'nyonga za mjusi'. Ni kweli kwamba mfupa wa kinena huelekea nyuma kwa ndege na kwa kundi la mnyama wetu pia, ila umbo hilo lilizuka mara mbili, katika koo mbili mbalimbali. Kufanana si kuwa ndugu.

Kwa hiyo twaona kwamba majina ya makundi haya yatoholewe: Onithopoda, Onithiskia na Sauriskia. Maana ya asili ielezwe mara moja katika sentensi, pamoja na onyo lake, wala isifanywe kuwa istilahi. Tumekwisha kufanya hivyo kwa neno 'dinosauri' lenyewe: shina lake la Kigiriki lataja mjusi wa kutisha, nasi hatukumwita mjusi.

Liko pia suala la jina la mnyama mwenyewe. Sehemu ya kwanza, kwa Kigiriki, yahusu kiumbe kigumu kukamatika. Ya pili, iliyotolewa Ujerumani mwaka 1919, yamtukuza Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani aliyekuwa na makao yake makuu Moshi kabla Waingereza hawajauingia mji huo Machi 1916. Katika vita vyake maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walipoteza maisha. Jina la kisayansi hulindwa na kanuni za kimataifa, na mfasiri hana mamlaka ya kulifuta. Jina la kawaida, hata hivyo, ni letu. Twapendekeza 'dinosauri wa Kindope': lataja mahali, halidanganyi juu ya ukoo, wala halimtukuzi mtu.

Wala isidhaniwe kwamba katika sayansi Kiswahili ni cha kupokea tu. Mwaka 2007 dinosauri mwingine wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii, kwa heshima ya yule mnyapara. Na mwaka 2006 wataalamu waliunda jenasi ya Kinyongia kutokana na neno letu 'kinyonga'. Ndani yake yumo kinyonga wa pembe mbili, Kinyongia tavetana, akaaye kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Huyo mwalimu wa Machame aweza kumwonyesha mwanafunzi wake akiwa hai juu ya tawi.