Motokaa Katika Picha ya Kale

Picha nyingi za kale za jamaa hazina tarehe. Tarehe ikikisiwa vibaya, mtoto aliyepakatwa huweza kudhaniwa kuwa ni kaka yake mkubwa. Iwapo pichani mna motokaa, hiyo yaweza kutuongoza.

Tuchukue mfano wa Ford Model T, iliyoundwa Marekani tangu 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15. Kwanza, tazama rejeta. Ikiwa fremu yake ni ya shaba ing'aayo, gari hilo ni la kabla ya muundo wa 1917, ambao fremu yake ilipakwa rangi nyeusi. Pili, tazama taa kubwa za mbele. Hadi 1914 ziliwaka kwa gesi ya asetilini. Zile za umeme zilianza katika muundo wa 1915. Basi rejeta ya shaba pamoja na taa za umeme huashiria 1915 au 1916.

Lakini gari huthibitisha jambo moja tu: picha haikupigwa kabla ya gari kuundwa. Huenda ilipigwa miaka kumi baadaye, au taa zilikwisha badilishwa. Kwa hiyo linganisha pia mavazi na umri wa watu, ndipo uandike mwaka nyuma ya picha.