Asidi ya tumbo, mlinzi wa jamaa

Chakula kikishuka tumboni hukutana na asidi kali. Hiyo huua mikrobe nyingi kabla hazijafika kwenye utumbo. Mikrobe ya kipindupindu, inayotusumbua Goma na Uvira, haivumilii asidi. Ili imwangushe mtu mwenye afya, lazima aimeze kwa wingi.

Lakini anayemeza omeprazoli kila siku kwa ajili ya kiungulia hupunguza ulinzi huo, na mikrobe chache zaidi zinatosha kumlaza. Basi tusijinunulie dawa hiyo farmasi bila kumwona muganga. Aliyeandikiwa asiiache, ila azidi kuchunga maji: ayachemshe au ayatie klori. Mtu akihara kama maji ya mchele, apewe SRO mara moja na kupelekwa kituo cha afya.